Nauli Anayolipa Asiyesafiri

Kila safari ina nauli yake. Mtu atokaye Nairobi kwenda Magunga, katika milima ya Gwassi, hulipa nauli ya basi mpaka Homa Bay. Kutoka hapo huelekea magharibi kwa njia ya Mbita, kisha hugeuka kusini akafuata ukingo wa ziwa, akapita Sindo, akapanda milima mpaka akafika sokoni Magunga. Akipenda kuendelea, njia ile ile itamteremsha mpaka Karungu na Sori, na hapo atakuwa amekwisha kuingia Migori. Nauli ya njia hiyo yajulikana: kondakta huidai, abiria huilipa, na hesabu huishia hapo. Lakini siku za maradhi ya kuambukiza kuna nauli ya pili, ambayo kondakta haidai wala abiria hailipi. Hulipwa na mtu ambaye hakupanda gari, hakuona njia, wala hakuulizwa kama yu radhi kulipa. Insha hii, ewe msomaji, imeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Nadai ndani yake jambo moja tu: kwamba hakuna mwenye haki ya kusafiri kwa nauli ya mwenzake pasipo idhini yake. Raia hana haki hiyo, na mtawala pia hana.

Yamkini utasema kwamba mambo haya yamepita. Korona ilipoingia nchini wewe ulikuwa mtoto. Uliambiwa ukae nyumbani ukakaa, ukaambiwa uvae barakoa ukavaa, na mnamo Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba hali ya dharura imekoma. Hayo ni kweli. Lakini haikupita miaka miwili kabla ya maradhi mengine kubisha hodi. Mwisho wa Julai 2024 ugonjwa wa mpox ulitambuliwa Kenya kwa mara ya kwanza, nao ulitambuliwa katika mwili wa msafiri, mpakani Taveta. Maradhi hayajaacha kusafiri, wala hayataacha. Litakapokuja janga jingine hutakuwa mtoto tena wa kuamriwa na wazazi. Utakuwa mtu mzima mwenye nauli mfukoni, na uamuzi wa kupanda gari au kutopanda utakuwa wako. Ni heri uufikirie sasa, moyo ukiwa umetulia, kuliko kuufikiria siku hiyo katika msukosuko wa stendi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ni tamu, na katika siku za afya ni ya kweli. Mtoto wa Gwassi aliyekwenda kutafuta kazi Kisumu, Nairobi au Mombasa, arudipo nyumbani huleta sukari, sabuni, karo ya mdogo wake na habari za dunia. Nyanya yake humpokea mlangoni, jirani huja kumwamkia, na siku hiyo nyumba nzima huwa na uzima mpya. Kwa miaka mingi vijiji vyetu vimeishi kwa wageni wa namna hii, ambao si wageni hasa bali ni wana wa nyumbani. Lakini mwaka wa 2020 methali ile iligeuzwa kichwa chini. Mgeni alikuja, na mwenyeji akaugua.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Mnamo Machi 13, 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya, Mkenya aliyekuwa amerejea kutoka Marekani kwa njia ya London. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa zifungwe. Mnamo Machi 27 ikaanza kafyu ya usiku. Wizara ya Afya ikawasihi watu wa mijini wasikimbilie mashambani kwa wazee wao. Mnamo Aprili 6 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka katika eneo la Nairobi, na baada ya siku mbili amri hiyo ikashika Mombasa, Kilifi na Kwale. Njia za Nairobi na Mombasa zilifungwa kwa muda wa miezi mitatu, zikafunguliwa Julai 7.

Zingatia wasiwasi wa siku zile. Mtu wa mjini alikuwa amesikia kwamba ugonjwa uko mjini. Kibarua kilikuwa kimesimama au kinakaribia kusimama, na kodi ya nyumba haingoji. Moyo wake ukamwambia: rudi nyumbani, huko kuna shamba, kuna ziwa, kuna hewa safi, na hakuna kodi. Simlaumu kwa kufikiri hivyo, kwa maana tangu zamani mwanadamu aliyeogopa hukimbilia kwa mamaye. Ninalosema ni kwamba fikira ile, ingawa ilikuwa ya kibinadamu, ilikuwa na kosa ndani yake, na kosa hilo liliweza kuua.

Kosa ni hili. Alidhani kwamba anayakimbia maradhi, naye hakujua kama ameyabeba. Virusi vya Korona vina hila ambayo mwizi yeyote angeionea wivu. Vikiingia katika mwili wa mtu, kwa kawaida hupita siku tano hivi kabla hajaona dalili, na pengine siku kumi na nne. Na siku mbili tatu kabla ya dalili kutokea huweza kuwa amekwisha kuanza kuambukiza wengine. Baadhi ya watu, hasa vijana, hawaoni dalili hata moja. Kijana wa miaka ishirini na mitano aliyepanda gari usiku akiwa mzima wa afya aliweza kushuka asubuhi akiwa bado mzima wa afya, akamkumbatia nyanya yake wa miaka sabini na mitano, akala naye, akalala katika nyumba moja naye, akarudi mjini bila ya kukohoa hata mara moja. Baada ya wiki mbili akapigiwa simu. Nani alilipa nauli ya safari ile?

Sasa natazama hoja za wale wasiokubaliana nami, maana hoja isiyojibiwa huonekana kama imeshinda.

Wa kwanza husema: safari yangu ni haki yangu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 39, inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako. Nakubali, tena naipenda haki hiyo. Wazee wetu waliozaliwa zamani za ukoloni walitembea na kipande shingoni, na hawawezi kusahau maana ya kuombwa ruhusa ya kusafiri katika nchi yao wenyewe. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 24, yaeleza kwamba haki yaweza kuwekewa mpaka kwa sheria, kwa kiasi cha haki, na ikitazamwa kwamba kuitumia kwa mmoja kusiharibu haki za wengine. Na kabla ya Katiba kuandikwa akili ilikuwa imekwisha kusema hivyo. Ngoma ni yako na mkono ni wako, lakini huna ruhusa ya kuipiga usiku kucha karibu na mgonjwa. Nyanya wa Magunga naye ana haki, na haki yake ni kubwa kuliko zote: haki ya kuishi. Hakuitoa kwa mtu yeyote aibebe katika mkoba wake.

Wa pili husema: nyumbani ni salama. Huko hakuna msongamano wa mjini. Watu hukaa mbali mbali, na jua ni kali. Hoja hii ilivuma sana mwaka wa 2020, na kwa muda ilionekana kama ya kweli. Ilipofika Mei 2021 aina mpya ya virusi iitwayo Delta, iliyotambuliwa kwanza India, ikaonekana Kisumu. Ilikuwa nyepesi zaidi kuambukiza kuliko zile zilizotangulia. Mnamo Juni 17, 2021 serikali ilitangaza kwamba kaunti kumi na tatu za magharibi na za kandokando ya ziwa zimeshikwa vibaya na maradhi. Homa Bay ilikuwamo. Migori ilikuwamo. Kafyu ikaanza saa moja ya jioni, na watu wakasihiwa wasiingie katika kaunti hizo wala wasitoke, ila kwa jambo la lazima. Wakati ule mji haukuwa hatari kwa kijiji tu. Kijiji nacho kilikuwa kimekuwa hatari kwa mji. Na kijiji kina hatari nyingine ambayo mji hauna. Mgonjwa wa Nairobi akikosa pumzi huwa karibu na hospitali kubwa. Mgonjwa wa milimani Gwassi, au wa kisiwani Mfangano, ana mwendo mrefu wa gari au wa mashua kabla hajaifikia hewa ya oksijeni, na pengine usiku ni wa mvua. Kupaita nyumbani mahali salama kwa sababu ni pazuri ni kuchanganya uzuri na usalama.

Wa tatu husema: lakini mazishi je? Hapa natembea polepole, kwa kuwa hapa ndipo penye uchungu. Kwa watu wa ziwa, Wajaluo na Abasuba, mtu akifa ugenini sharti arudishwe nyumbani alazwe katika ardhi ya baba zake; na watu wake, popote walipo, sharti waje. Kukosekana mazishini si utovu wa adabu tu. Ni jeraha linalokumbukwa kwa miaka. Nimewasikia watu wakiwacheka wenyeji wa sehemu hizi kwamba wanapenda matanga kuliko uhai. Wanaocheka wamekosa heshima, tena wamekosa kuelewa. Kufa kufaana, husema Waswahili. Na katika matanga ndipo mjane huchangiwa, yatima hugawiwa walezi, na madeni ya marehemu hutajwa mbele za watu. Mwaka wa 2020 serikali ilipoamuru wazikaji wasizidi kumi na watano, na mwaka wa 2021 ilipoamuru katika kaunti zile kumi na tatu kwamba maiti azikwe katika muda wa saa sabini na mbili na watu wasizidi hamsini, haikukata sherehe. Ilikata kamba ambayo kwayo ukoo mzima umefungwa pamoja.

Na hata hivyo nasema kwamba ilipasa kutii. Swali la kujiuliza ni hili: tunakwenda mazishini kwa kusudi gani? Tukienda ili kuwafariji waliofiwa, basi ni faraja gani hiyo inayowaachia waliofiwa msiba wa pili? Tukienda ili kumheshimu marehemu, ni heshima gani kumfuatishia ndugu zake kaburini? Jeneza lilisafiri kutoka Nairobi, nyuma yake mabasi mawili, ndani ya mabasi watu waliokaa bega kwa bega usiku kucha wakiimba na kulia. Na kuimba na kulia ni njia mbili ambazo ugonjwa huu huzipenda sana. Yule aliyebaki Nairobi akatuma mchango wake kwa simu, akapiga simu akalia pamoja na mjane, akangoja mpaka hatari ipungue ndipo akaja kuweka ua kaburini, hakuwa amekosa upendo. Alikuwa amefanya jambo gumu zaidi kuliko kupanda basi, kwa sababu alilifanya bila kuonekana.

Wala hatukukosa njia za kufika bila kufika. Katikati ya Machi 2020 ada ya kutuma fedha kidogo kwa simu, zisizozidi shilingi 1,000, iliondolewa, ili watu wasishikane noti mikononi. Mkono wa mtu uliweza kwenda Magunga bila mwili wake. Shilingi mia tano zilizotumwa kutoka Kariobangi zilifika sokoni Magunga kabla maji ya chai hayajachemka, wala hazikukohoa njiani.

Hapa msomaji aweza kudhani kwamba lawama yangu yote ni kwa abiria. La, hasha. Nilisema mwanzoni kwamba hata mtawala hana haki ya kutumia nauli ya mwenzake, na sasa nageuka upande huo.

Safari si za namna moja. Kuna safari ya starehe, kuna safari ya wajibu, na kuna safari ya riziki. Mama anayenunua omena ufukoni Nyandiwa ili akauze sokoni hatembei kwa anasa. Asipokwenda leo, watoto hawali kesho. Mwaka wa 2020 matatu ya watu kumi na wanne iliamriwa ichukue watu wanane. Amri ilikuwa ya busara, lakini petroli haikupungua bei kwa sababu viti sita vilikuwa vitupu, na mwenye gari alipandisha nauli. Nani alilipia viti vile vitupu? Alivilipia mama wa omena, na kibarua, na mgonjwa aliyekuwa akienda zahanati. Mwenye gari lake mwenyewe alipita kando yao, vioo vimefungwa, akiwa salama na bila gharama mpya. Hapa tena nauli ililipwa na asiyestahili kuilipa.

Tena amri inayofunga njia isiyowalisha waliofungiwa ni nusu ya amri. Mtu aliyekosa kazi Nairobi, akakosa kodi, akakosa chakula, kisha akaambiwa asitoke, angefanya nini? Wengi walitafuta njia za panya. Walishuka kabla ya kizuizi, wakakizunguka kwa miguu au kwa pikipiki, wakapanda gari jingine mbele. Walivunja sheria, na waliwahatarisha watu wa nyumbani. Lakini kabla hujawahukumu, uliza pia ni nani aliyewaacha na mambo mawili tu ya kuchagua, njaa au kosa.

Historia inatuonyesha kwamba yawezekana kufanya vizuri zaidi. Huko Uingereza kuna kijiji kiitwacho Eyam. Mwaka wa 1665 tauni iliingia humo, na husimuliwa kwamba ilikuja katika mzigo wa nguo kutoka London. Mwaka uliofuata wanakijiji, wakiongozwa na kasisi wao William Mompesson, walikubaliana kwamba hakuna atakayetoka, wasije wakaipeleka tauni vijiji vya jirani. Wengi wao walikufa, na mke wa kasisi alikuwa miongoni mwao. Watu hukisifu kijiji kile kwa ushujaa, na kinastahili sifa. Lakini wengi husahau nusu ya pili ya habari: majirani waliwaletea chakula wakakiweka mpakani, juu ya mawe, wakaondoka, nao wenye kijiji wakaacha fedha zilizooshwa kwa siki. Waliojifungia waliweza kujifungia kwa sababu walio nje waliwalisha. Kaa, nami nitakuletea chakula: hilo ni agano. Kaa, na ukifa njaa ni shauri lako: hilo si agano, ni kifungo.

Mtawala ana deni jingine, nalo ni deni la mfano. Mnamo Juni 1, 2021 sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa Kisumu mbele ya umati wa watu, katika uwanja mpya wa Mamboleo, na wakuu walisafiri kutoka pande zote za nchi. Delta ilikuwa imekwisha kuonekana Kisumu. Baada ya siku kumi na sita tu, Kisumu na jirani zake kumi na wawili waliambiwa wasitembee na wazike haraka haraka. Sisemi kwamba sherehe ile ndiyo iliyoeneza maradhi. Yalikuwa yamo tayari. Nasema kwamba mtu aliyeona misafara ile ikipita, kisha akakatazwa kumzika shangazi yake, hakuweza kuamini kwamba sheria na hatari vilikuwa kitu kimoja. Na mtu asipoiamini sheria, haitii ila kwa fimbo. Fimbo nayo iliwahi kutumika. Siku ya kwanza ya kafyu, Machi 27, 2020, wafanyakazi waliokuwa wakingoja kivuko cha Likoni ili warudi makwao walipigwa na polisi na kutupiwa gesi ya kutoa machozi, wakarundikana kwa hofu mahali ambapo walitakiwa waachane nafasi. Siku chache baadaye Rais aliomba radhi kwa maovu yaliyofanywa na baadhi ya askari. Alifanya vema kuomba. Ingekuwa vema zaidi kama isingelazimu.

Basi tufanye nini? Kuna wanaosema tusisafiri kabisa, nao hawasemi neno linalotendeka. Watu wa ziwa hawana ugeni na maradhi yanayosafiri. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliwaua watu wengi mno kandokando ya ziwa hili. Huko Uganda serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa visiwani na ukingoni, na upande wetu mbung'o waliendelea kulitawala bonde la Lambwe kwa miaka mingi. Mwaka wa 1918 homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa meli ikapanda bara kwa reli ile ile iliyoleta bidhaa. Baadaye ukaja UKIMWI, ukifuata barabara kuu na fuko za wavuvi, na Homa Bay ingali mpaka leo miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Katika yote hayo watu hawakuacha kusafiri. Walijifunza, kwa gharama kubwa, kusafiri kwa akili. Na huko pwani Waislamu walifundishwa tangu kale kwamba ukisikia tauni imeingia nchi fulani usiende huko, nawe ukiwa ndani ya nchi hiyo usitoke kuikimbia. Tazama ya kuwa mafundisho hayo yana pande mbili. Anayeingia anajihatarisha mwenyewe, na anayetoka anahatarisha wengine. Wote wawili wanaambiwa ngoja.

Kwa hiyo nakupa kipimo, ukiweke akilini. Siku ya maradhi, safari ya starehe na iwe ya kwanza kungoja. Njia zilipofunguliwa Julai 2020, hoteli za pwani na za mbugani ziliwaita Wakenya kwa bei nafuu, na wengi waliiona nchi yao kwa mara ya kwanza. Hapakuwa na ubaya katika hilo kwa aliyekwenda na watu wa nyumba yake, katika gari lake, mahali pa wazi penye upepo. Mtu wa Homa Bay hakuwa na haja hata ya kwenda mbali. Korongo wa Ruma, katika bonde la Lambwe, wako karibu na mlango wake, na wageni wengi kutoka ng'ambo hawajawaona. Ubaya ulikuwa kwa aliyeacha karamu ya mjini usiku, na kesho yake akaenda kuwaamkia wazee. Safari ya wajibu na ifuate: ipunguzwe, iende na wachache, iahirishwe iwezekanapo. Safari ya riziki na iwe ya mwisho kuzuiwa, na yeyote anayeizuia na alipe gharama ya kuizuia.

Na kabla ya kupanda gari, jiulize maneno haya: ninakokwenda yuko nani, na je, mwili wake utaweza kustahimili nitakachomletea? Nimetoka wapi siku hizi kumi na nne? Je, shughuli hii yaweza kufanywa kwa barua, kwa simu, au kwa fedha iliyotumwa? Na kama ni lazima niende, je, nimekubali kuchanjwa ikiwa chanjo ipo, kukaa nje chini ya mti, kulala peke yangu, na kuamkia kwa mbali mpaka siku zipite? Akiyajibu hayo kwa uaminifu, msafiri hahitaji askari wa kumrudisha njiani. Asipoyajibu, hata vizuizi mia havitamtosha.

Kenya ilihesabu zaidi ya watu 5,600 waliokufa kwa Korona. Hesabu hiyo huonekana ndogo kwa asiyekuwa na mtu wake ndani yake. Hatuwezi kujua ni wangapi miongoni mwao waliletewa maradhi na mtu aliyewapenda, ambaye alisafiri usiku kucha ili awaone. Na pengine yeye mwenyewe hajui mpaka leo.

Kwa hiyo, msomaji, siku itakapokuja tena, nawe umesimama stendi, mkoba mkononi na nauli mfukoni, usihesabu fedha zako tu. Mkumbuke mama mzee aliyeketi mlangoni pake milimani Magunga, akilitazama ziwa, masikio yakiwa njiani. Anakungoja. Anakutaka sana, na ukimuuliza atakwambia njoo, kwa sababu mama hajui kumwambia mwanawe asije. Ndiyo maana haikupasa yeye aulizwe. Yakupasa wewe ujijibu kwa niaba yake. Na jibu likiwa ni kungoja, mpigie simu umwambie: mgeni amebaki, mama, ili mwenyeji apone.